Mama Neema Wawili

Jamani, nusura niyapike mayai ya mama leo!

Ile mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoiunda mwenyewe, tangu asubuhi inasoma baridi, na ndani kunaunguza. Nimebadilisha waya, wapi!

Mama kasimama mlangoni. "Yatapona?"

Nikachokonoa waya tena.

Akageuka kuita uani, "Mama Neema!"

Dada yangu na jirani yetu, wote Mama Neema, wakaitika pamoja, "Abee!" Hukuelewa sauti ipi ya nani.

Kumbe ndivyo ilivyo na mashine yangu!

Vipimajoto viwili vya mle ndani vinatumia waya zilezile, na vyote vina anwani moja, yaani jina moja la kuitiwa! Kompyuta ya mashine ikiita kimoja, vinajibu vyote, majibu yanavurugana.

Nimebadilisha anwani ya kimoja. Sasa kila kimoja kinaitika kivyake.

Wenye kuku, mayai huvumilia joto kiasi gani? Jibuni haraka, mama bado yuko mlangoni.