Uso wa Mama Rasoa na Flashi ya Kevo

Kuna Alhamisi moja ambayo siwezi kuitoa kichwani, mwanangu, na ndiyo ninayokuandikia. Najua nina miaka kumi na saba na wewe hujazaliwa. Ukicheka, cheka. Mambo haya siwezi kuyasema kwa mdomo, ndiyo maana daftari hili linanijua kuliko watu. Na leo nina hasira.

Tunaishi Sarang'ombe, hapa Kibera, chumba kimoja, na humo kuna kompyuta kuukuu ambayo Mama hutengenezea vijitabu vya mazishi na vya ibada za ukumbusho. Mzee Wekesa, fundi wa milango ya chuma, alikuwa amemletea picha ya marehemu mkewe, Mama Rasoa. Ibada ilikuwa Jumamosi, kanisani kwao Gatina. Siku chache baada ya Mama kuipiga skani na kuirudisha, mvua iliingia kwa mzee na picha yenyewe ikabaki doa. Kwa hivyo uso wa Mama Rasoa ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta yetu.

Alhamisi hiyo Mama alikuwa sokoni. Kevo wa mlango wa tatu akaingia na flashi mkononi.

"Niaje Achi. Nataka kuweka gemu hapa, dakika mbili tu."

Nikamwambia Mama amekataza flashi za watu.

"Sisi ni watu siku hizi? Jana si mlikuja kwetu kuomba chumvi?"

Kwetu, mwanangu, kumnyima jirani ni aibu, na aibu ndiyo ugonjwa wangu. Nikasogea, akaichomeka. Antivirasi, ile programu ya kuzuia virusi, ikaanza kulia, maandishi mekundu skrini nzima.

"Zima hiyo kitu," Kevo akasema. "Inaogopa bure kama wewe."

Nikaizima. Kwa mkono wangu.

Chai niliyokuwa nimeinjika haikuwa imechemka, na tayari faili zote zilikuwa zimebadilika majina. Katikati ya skrini kulikuwa na barua ya Kiingereza: tumefunga kila kitu, lipa ufunguliwe. Kevo akachomoa flashi yake. "Hiyo mashine yenu ni ya kitambo tu," akasema, akaenda zake. Fundi wa kompyuta ambaye Mama alimwita alijaribu Ijumaa nzima, akasema haifunguki, na hata tukilipa hao ni wezi, hawana ahadi.

Ni akina nani hao? Hawajui Mama Rasoa alivyokuwa akicheka, leso mdomoni. Kwao uso ule si kitu, na bado wameukalia. Sentensi hii nimeiandika mara tatu na kalamu inatoboa karatasi.

Mama alinituma nikamwambie mzee mwenyewe. Nilimkuta akichomelea bawaba. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Achieng, mimi kompyuta sijui. Lakini nimerekebisha milango ya Kibera hii miaka mingi. Iliyovunjwa ni michache. Mingi ilifunguliwa na mtu wa ndani, kwa sababu anayebisha alimjua." Akaifuta miwani kwa shati. "Ulijua ni makosa?"

"Nilijua."

"Basi mbona hukusema?"

Nikamwambia habari ya chumvi.

Jumamosi, kwenye vijitabu alivyotengeneza upya kwa kompyuta ya kukodi, Mama aliacha mraba mtupu juu ya jina la Mama Rasoa. Watu kanisani walidhani wino uliisha. Mzee Wekesa alikikunja kijitabu chake polepole, akakitia mfuko wa shati.

Sasa sikia, mwanangu. Flashi ya mtu usiichomeke bila kuikagua, hata iwe ya binamu yako. Antivirasi ikilia, iache ilie, na wewe simama nayo. Kompyuta ikiomba kusasishwa, usiiambie kesho. Na kitu ambacho ukikipoteza hakuna kingine, kiwekee nakala mbali na mashine hiyo. Hili hata Mama hakulijua, simlaumu. Lakini zaidi ya yote jifunze kusema hapana hata kama sauti inatetemeka. Wazee walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Jirani atanuna wiki moja, kisha atarudi kuomba kiberiti.

Mungu akupe mlango wako mwenyewe, na akupe ulimi wa kuulinda. Na uso wa umpendaye usiwahi kuwa mraba mtupu mkononi mwako.