Diwani Aliyeaga Msibani

Liao Kun-mu alikuwa diwani katika kaunti ya Yunlin kwa miaka ishirini na minane, na mingi kati ya hiyo aliimalizia misibani. Asubuhi msiba, mchana harusi, alasiri msiba mwingine, daima amevaa kile kizibao cha njano chenye jina lake mgongoni. Katika vijiji vyao vya wakulima wa vitunguu saumu hakuna aliyekumbuka hotuba yake hata moja barazani. Walichokumbuka ni nani alikuja kuinama mama yao alipofariki.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwa wagombea kujiandikisha, na ofisi ya uchaguzi ingefungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mkewe, Siok-bi, alisimamisha gari nje ya turubai la msiba, bahasha ya fomu za ugombea ikiwa mapajani mwake.

"Ingia, inama, toka," alimwambia. "Dakika tano, mzee."

"Naijua kazi yangu."

"Magoti yako ndiyo hayaijui tena."

Marehemu alikuwa Bi Teng A-iok, aliyemtafutia kura nyumba kwa nyumba tangu uchaguzi wa kwanza. Mara ya mwisho Kun-mu alishinda kwa kura sitini na moja, na ukoo wa Teng peke yake ulikuwa na kura kuzidi hizo. Akiukosa ukoo huo, muhula wa nane hana.

Mwongozaji wa mazishi akaita jina lake. Akashika kijiti cha ubani, akainama mara tatu mbele ya picha ya marehemu. Kisha akampa mkono A-hok, mwana mkubwa wa marehemu. Mchana wote alikuwa harusini, akiwashika watu mikono, na mdomo ukajiendea wenyewe.

"Asante sana, tutaonana tena."

Vilio vikakatika. Kwao mtu huondoka msibani bila kuaga, maana kuaga ni kuukaribisha msiba mwingine nyumba hiyo hiyo. Hata mtoto anajua.

A-hok akauvuta mkono wake. "Tutaonana wapi, mheshimiwa? Kwenye jeneza la nani?"

"Nisamehe, mwanangu. Ulimi umeteleza."

"Mwacheni, amekuja kutuaga rasmi," mtu akasema kwenye viti vya nyuma, na wawili watatu wakacheka puani.

Dada wa marehemu, kikongwe aliyevaa nguo za katani za wafiwa, akamsogelea. "Umechoka, Kun-mu. A-iok alilisema hilo mwaka mzima. Alisema, diwani wangu amechoka na mimi ndiye ninayemsukuma. Alitaka kukuambia upumzike, akaona haya."

Kun-mu alivua kizibao, akakikunja, akakaa kwenye kigoda cha plastiki.

"Sijaondoka," akamwambia A-hok. "Kama sijaondoka, basi sikuaga."

A-hok akamwashiria mtu ampe maji.

Siok-bi alipiga honi mara mbili. Jeneza lilipotolewa akamwona mumewe akilifuata kwa miguu pamoja na wafiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mara moja katika miaka ishirini na minane. Akawasha gari, akafuata polepole mpaka kwenye tanuru la kuchomea maiti.

Kun-mu alitoka huko zikiwa zimebaki dakika ishirini ofisi ifungwe. Hakumuaga mtu. Alijipakia garini kama gunia.

"Tukipita njia ya mfereji tunawahi," Siok-bi alisema.

"Wewe unataka tuwahi?"

Siok-bi aliitazama ile bahasha. "Mimi nilichoka muhula wa tatu. Hukuniuliza."

"Nakuuliza leo."

"Basi sitaki."

"Twende nyumbani."

Siok-bi aligeuza gari. Simu ya Kun-mu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Ni vijana wa ofisi ya kampeni. Aliiacha. Katika kijiji kilichofuata kulikuwa na turubai jingine la msiba kando ya barabara, na watu wameketi chini yake. Mguu wa Kun-mu ukakanyaga chini, ukitafuta breki ambayo haikuwapo upande wake. Siok-bi hakupunguza mwendo.