Namba za Chaki Nyekundu

Mwaka wa tatu nilijiona nimekwisha kuelewa jamii. Nacheka nikiandika hivyo. Chuo chetu hapa Kolwezi kilikuwa na madarasa manne na maktaba ya ukubwa wa jiko, na sisi wa sayansi ya jamii tulikuwa kumi na mmoja tu, tukidharauliwa na kila aliyesomea madini. Shangazi yangu hakuchoka kuniuliza: "Sasa ile unasoma, banaitumikisha wapi?" Nilimjibu kwa hasira kwamba tunasoma watu. Akasema watu hata yeye anawajua, na darasani hajakaa.

Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa na swali moja: majirani wa Musonoi wanasaidiana namna gani? Profesa wetu, mtu mpole aliyevaa koti hata katika joto la Oktoba, alinikataza kuchagua nyumba kwa kupenda sura za watu. Niruke nne, niingie ya tano. Na ili nisirudie nyumba moja mara mbili, niandike namba mlangoni kwa chaki. Nikaenda darasani kutafuta chaki. Nyeupe zilikuwa zimekwisha, nikachukua nyekundu.

Musonoi iko ukingoni kabisa mwa mashimo ya shaba. Kila anayeishi pale anajua kwamba siku yoyote kampuni inaweza kuitaka ardhi iliyo chini ya kitanda chake. Wanakuja watu na makaratasi, wanauliza mnalala wangapi, wanahesabu miti ya matunda, wanaandika namba nyekundu mlangoni. Aliyeandikwa anapewa nyumba kwingine. Asiyekuwepo, shauri yake. Na mimi nilijua hayo yote, nimezaliwa hapa hapa. Kwa mjomba wangu namba kama hiyo ilikaa ukutani mpaka siku tingatinga lilipofika. Lakini siku ile kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya sampuli, ikanipita kabisa.

Siku ya kwanza watu walinijibu kawaida. Siku ya pili nikaanza kuchanganyikiwa. Nyumba ya vyumba viwili niliambiwa wanalala watu kumi na wanane. Tata mmoja, baba mwenye mvi, aliniomba nisubiri kidogo, akachimba shimo, akapanda mche wa parachichi mbele ya macho yangu, kisha akaniambia sasa naweza kuandika. Mama wa nyumba niliyoiruka alinifuata akitaka kujua amenikosea nini. Nikamwambia ni mbinu ya utafiti. "Mbinu ya nani?" akauliza. Wengine wote walinipa kiti na soda baridi. Jioni niliandika katika daftari kwamba wakazi wa Musonoi ni wakarimu sana. Mpaka leo naona haya.

Nyumba namba saba ilikuwa ya mama mmoja mjane, muuza maandazi. Nilirudi kwake siku ya nne kwa sababu nilisahau swali moja. Nilimkuta amekaa mlangoni, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii, mfuko wa safari pembeni yake. Binti yake alikuwa amemtafutia nafasi hospitalini Likasi, na alipaswa kuwa huko tangu juzi.

"Mama, mbona haujaenda?"

"Naenda namna gani, na weye ulishaniandika? Bakubwa bako banakuya kuhakikisha. Bakikuta mulango inafungwa, mi nimekwisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mara moja, kisha nikaona sielewi chochote. Nikamweleza polepole kwamba sikutumwa na kampuni, kwamba ni kazi ya shule tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile namba.

"Masomo gani inauliza batu beko ngapi, kisha inaandika mulango na nyekundu?"

Nilikimbilia kwa profesa. Yeye akafurahi. "Hii njo jamii yenyewe, mama," akaniambia, kwa maana hata sisi wanafunzi wake wa kike alituita mama. "Usifute kitu. Tazama tu, andika." Nikakasirika, nikamwambia kuna mtu anaoza miguu kwa ajili ya chaki yangu. Akavua miwani, akaifuta, akasema nifanye ninavyoona. Nilitoka sijui kama amenikubalia au amenifukuza.

Asubuhi yake nilizunguka Musonoi na kitambaa chenye maji, nikafuta mlango mmoja baada ya mwingine. Tata wa parachichi alisimama mbele ya mlango wake akanikatalia, nikamwachia. Yule mama alinishika mkono. "Unahakika?" Nikamwambia nina hakika, ile namba haina kitu. Akaachia mkono wangu. Kesho yake nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari la Likasi, nikambebea mfuko. Nilirudi nyumbani kwa furaha. Kwa mara ya kwanza niliona masomo yangu yamemfaa mtu.

Wiki ya tano watu wa kampuni wakaja wenyewe.

Mama wa nyumba niliyoiruka ndiye aliyenipigia simu. Nilifika kwa pikipiki, nikawakuta wamefika katikati ya barabara, na makaratasi yao na kopo la rangi. Nikamtolea mkubwa wao karatasi ya utafiti wangu: mama wa nyumba namba saba yupo, anaishi hapa, nilimhoji mwenyewe, majibu yake ni haya. Akaisoma kwa adabu, akanirudishia. Mwenye nyumba aonekane yeye mwenyewe, akasema, kabla hawajamaliza kesho jioni.

Likasi si mbali. Nikampigia simu.

"Mama, rudia nyumbani leo. Banahesabu. Sasa ni ya kweli."

Akacheka, kwa upole kabisa. "Mwanangu, miguu inaanza kupona. Uniache nipone kwanza."

"Mama, hawa ni ba kampuni. Nabaona na macho yangu."

"Batu ba Musonoi banaona kampuni kila siku. Weye njo ulinifundisha ile namba haina kitu. Ule tata ya parachichi alikukatalia, mi nilikuamini."

Nilisema maneno mengi, hata sijui yapi. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto mwenye homa, akaniombea baraka katika mtihani wangu, akakata. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Yule wa rangi alikuwa amefika kwenye mlango wa yule mama. Alibisha mara tatu, akasubiri kidogo, akaandika kitu kwenye karatasi, akaacha mlango bila namba, akaenda nyumba ya pili.