Spika Iliyochanwa kwa Wembe

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimechanika akakiacha. Ni fundi wa spika. Umletee waya tu, yeye atafungua kila kitu, apulize vumbi, apake gundi mpaka pale ambapo hakuambiwa. Wateja wanampendea hilo. Na mimi niliona ni sifa, mpaka ilipomgeukia.

Binti yetu, kitindamimba, aliondoka nyumbani kwa sababu ya gitaa. Baba yake alisema bendi yao inapiga makelele ya watu wanaoburuta mabati, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, akaongeza mengine ambayo siyarudii hapa. Mtoto akafunga virago. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kupitia kwangu. Nikawa daraja, na daraja kazi yake ni kukanyagwa.

Halafu siku moja akaingia dukani kwa baba yake amebeba spika. Waya umekatika, akasema. Hebu fikiria: mafundi wamejaa kila kona, waya wenyewe wa kuchomelea mara moja, na yeye kavuka mitaa yote hiyo na mzigo kichwani. Hakufuata waya. Alikuja kupatana. Na baba mtu alijua, maana aliipokea ile spika kwa mikono miwili.

"Njoo kesho, mwanangu," akamwambia.

Alipoifungua akakuta karatasi ya ndani imechanwa sehemu tatu. Akasikitika kweli. "Maskini, anapigia kitu kibovu na hasemi." Akakata karatasi mpya, akaibandika, akaipaka rangi, huku akiimba chini chini. Miaka sijamsikia akiimba. Nikajisemea, haya, mtoto amerudi.

Kesho yake akaja na mpiga ngoma wao, seremala mwenye maneno machache. Wakachomeka gitaa palepale dukani. Sauti ikatoka safi, imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Baba mtu akatabasamu, anasubiri asante. Binti akapiga tena, kwa nguvu. Safi vilevile. Akaliweka gitaa chini.

"Baba, nani alikwambia uzibe?"

"Ilikuwa imechanika."

"Niliichana mwenyewe, kwa wembe. Nimeharibu spika ngapi mpaka nikaupata ule mkwaruzo. Ndiyo bendi yenyewe hiyo."

"Nilidhani imeharibika, mwanangu."

"Kila kitu changu wewe unadhani kimeharibika."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Jumamosi nikawafuata kwenye ghala wanakopigia. Nikasimama nyuma, kati ya vijana wenye viatu vizito. Walikuwa wamechana spika nyingine, ingawa nilisikia wakilalamika kwamba hailii kama ile. Wimbo wa kwanza nilitamani kuziba masikio. Ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa, gitaa linakwaruza kama msumeno uliokutana na msumari. Wa pili vilevile. Wa tatu mwanangu akawa anapiga kelele neno moja tu, "Niacheni, niacheni," mpaka sauti ikamkauka, na pale aliposhindwa ule mkwaruzo ukampokea. Nikaelewa. Kumbe mtoto alikuwa analia siku zote hizo, na sisi tunamwambia apunguze sauti. Nililia mbele za watu wala sikuona aibu. Toka siku hiyo naupenda muziki wao, na unanitesa.

Walipomaliza nikamwomba aje nyumbani, hata kwa chai tu. Akanifuta machozi kwa kiganja.

"Siji, mama. Mwambie fundi asante kwa waya."

Fundi. Hakusema baba.

Nikamkuta mume wangu dukani, spika chakavu mbele yake, wembe mkononi. Anachana, anasikiliza, anatikisa kichwa. Ile ya kwanza aliiziba vizuri mno, hakumbuki tena ilichanwa wapi.

"Kasemaje?" akauliza bila kunitazama.

"Anakusalimu. Amesema, mwambie baba asante."

"Kasema baba?"

"Ndiyo."

Akavuta spika nyingine, akaanza kuchana upya.