Nionyeshe Jogoo Kwanza

Mtu akitaka mayai ya kula, dukani yapo. Akitaka ya kutotolesha, katika mtaa niliopanga mwaka ule alielekezwa kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Tochi, na kabla hajajibiwa alifanyiwa mtihani.

"Una mayai tayari?"

"Ninayo kumi na tano, mama. Nataka unitilie kwenye mashine."

"Ulimwona jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Mwenye mayai. Baba yao."

"Aliyeniuzia kasema yupo."

"Kasema. Basi hayo ni mayai ya wajane, kayakaange. Mimi mwenyewe mjane, na tangu mume wangu azikwe sijapata mtoto. Kuku wa huyo muuzaji wananishinda nini?"

Waliokuwa wakisubiri kupunguziwa suruali waliangua kicheko, na mteja akaondoka na mayai yake, mara nyingi akirudi kesho yake na adabu.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa na pazia. Mbele palikuwa na cherehani, pasi ya mkaa na rundo la sare za shule. Nyuma ya pazia palikuwa na giza la makusudi, na ndani ya giza hilo kabati la mbao aliloliunda fundi seremala kwa vipimo vyake Tochi mwenyewe: taa mbili za joto, beseni la maji, kipimajoto kilichofungwa kwa uzi mweusi. Kila yai alilitia alama kwa chaki ya kushonea, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, na mara tatu kwa siku aliacha mkono wa shati kwenye sindano akaenda kuyageuza yote. Siku ya saba aliyapima moja moja kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu myembamba iliyotawanyika, na yeye akiiona husema, kama fundi asemavyo, "Uzi umeshika." Asipoiona hulitoa bila neno.

Lakini heshima yake haikutokana na kabati. Ilitokana na daftari. Ndani yake aliandika mlango kwa mlango nani ana kuku wazima: mitetea wangapi, majogoo wangapi, chanjo lini, mayai yao yalitotoa vipi. Hakumwandika mtu kwa kuambiwa. Alikwenda mwenyewe, bila taarifa, na kikapu chake chenye pumba za mpunga, kwa sababu mwenye nyumba akijua unakuja hufagia kinyesi, na kinyesi ndicho alichofuata. Aliinama, akachutama, akamkamata kuku yeyote aliyemtaka, akamfungua mabawa kutafuta utitiri, akamtazama macho na pua, akampapasa mfupa wa kifua. Kisha husimama katikati ya banda akajishika kiuno: "Haya, nionyeshe jogoo." Jogoo mmoja kwa mitetea kumi. Akizidi umri, au akichechemea, mwenye kuku alipewa mwezi mmoja wa kutafuta mwingine. Asiyefanya hivyo alifutwa kwa kalamu nyekundu, na kufutwa na Tochi ilikuwa habari ya kuzungumzwa bombani.

"Huyu mama angechagua wakwe hivi," alisema kinyozi wa jirani, "hakuna ndoa ingevunjika."

"Wakwe hawakai wakamatike," alijibu Tochi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa wa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na alikuwa na mguu mmoja uliokakamaa tangu alipoanguka ngazini kazini. Hakuweza kusimama muda mrefu, hakuweza kubeba kizito, na hakuna aliyemwajiri tena. Alibakiwa na kuku: weusi watupu, arobaini na mmoja, mitetea mizito yenye vilemba vyekundu, wazao wa wale aliowafuga mama yao. Alikula kwao, akavaa kwao, akalipia dawa ya mguu kwao. Kwa miaka kumi na mmoja hakuingiza kuku wa nje hata mmoja. Damu mpya ilipohitajika, yai lililetwa kutoka mbali, likatotolewa kwenye kabati la Tochi, na jogoo mgeni akaingia humo akiwa kifaranga cha siku moja.

Na langoni aliweka sheria. Palikuwa na beseni la maji ya dawa na jozi mbili za ndala. Jozi kubwa ilikuwa ya yeyote. Ndogo, ya bluu, aliinunua kwa ajili ya mdogo wake, ambaye alikuwa na miguu midogo kama ya mtoto wa darasa la nne. Kila aingiaye avue vyake, anawe, avae za pale. Tochi alizivaa mara mbili tatu za mwanzo. Baadaye akawa na haraka.

"Vaa ndala, wewe."

"Mimi nami dada? Mimi ni mchuuzi?"

"Haya, pita. Lakini ipo siku nitakutoza faini."

Wakacheka, na hapo mazoea yakapata mwanya.

Mwaka huo chanjo ilichelewa. Kila baada ya miezi mitatu bwana chanjo alipita na kichupa chake ndani ya barafu, akamtia kila kuku tone jichoni kuzuia mdondo, ugonjwa unaopinda shingo na kumaliza banda kwa wiki moja. Safari hii alituma salamu kwamba jokofu la dawa limeharibika, wasubiri majuma mawili. Dada mtu akamwambia Tochi, "Basi majuma mawili haya lango ndilo chanjo yangu." Tochi akaitikia kwa kichwa. Hata yeye alikuwa akiwaambia watu vivyo hivyo.

Katikati ya majuma hayo, mke wa dereva wa lori alitaka mayai thelathini. Alikuwa ameacha kuuza mitumba na alitaka kuanza ufugaji kwa mbegu nzuri, na Tochi alimwahidi. Wakati huohuo mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amemsumbua wiki nzima aje aone kuku wake, amwandike. Tochi akaona apige ndege wawili kwa safari moja: akague kwa mwalimu, na mayai ayachukue hukohuko.

Alifika kwa mwalimu Jumanne, saa tatu asubuhi. Banda safi, majogoo wawili wenye kifua, maji yamebadilishwa. Mwalimu alimfuata nyuma, mikono mgongoni, kama anayesubiri matokeo. Kisha Tochi akamwona mtetea mmoja pembeni, amejikunyata, manyoya yamesimama.

"Na huyu?"

"Huyo anaatamia tu."

"Anaatamia nini, sakafu?" Alimnyanyua. Manyoya ya nyuma yalikuwa yamegandana, na chini yake kinyesi kilikuwa cha kijani kama mchicha uliopondwa. Akachutama, akakichokoa kwa kijiti, akakikanyaga akigeuka kutazama wengine. "Mwalimu, kuku huyu anaumwa. Sikuandiki, na leo usiuze hata yai."

"Mama, mmoja tu!"

"Ndiyo huanza mmoja."

Alikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kila nikikumbuka: siku ile hakuna mtu mtaani aliyekuwa sahihi kuliko yeye. Alitoka na kikapu kitupu, ameokoa mayai thelathini, amemkatalia mtu mzito bila kumwonea haya. Lakini mke wa dereva alikuwa anasubiri. Kwa hiyo akaenda moja kwa moja kwa dada yake, mwendo wa robo saa.

"Ndala," alisema dada mtu, akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Dada, nina mtu ananisubiri dukani na shati la harusi halijakatwa kola. Thelathini tu, natoka."

"Umejaa haraka kama mwenye mimba. Haya."

Akaingia na ndala zake mwenyewe, akaweka kikapu sakafuni, kuku wakaja kudonoa pumba. Akachagua mayai thelathini yasiyozidi siku nne. Hata hakukaa kunywa maji.

Siku ya sita kuku wawili wa dada yake walikuwa wamejikunyata. Siku ya saba shingo zilianza kupinda. Tochi alipoitwa alimkuta bwana chanjo ameshafika, na mizoga kumi na saba imepangwa juu ya gunia. Kuku mmoja alikuwa akizunguka mahali pamoja, kichwa kimegeuka nyuma, kama anayetafuta aliyemwita.

"Mama, nani kaingia humu wiki mbili hizi?" aliuliza bwana chanjo.

"Hakuna."

"Hakuna mchuuzi? Hakuna kuku mgeni?"

"Nakwambia hakuna mtu aliyeingia. Ni sisi tu."

Tochi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao. Alitazama miguu yake. Aliniambia baadaye kwamba alihisi ndala zimekuwa za moto, na kwamba neno lilifika kwenye meno likarudi. Bwana chanjo alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Dada yake alikuwa analia bila sauti, mguu umenyooka mbele yake. Tochi akaokota jembe, akaenda kuchimba shimo.

Mpaka mwisho wa wiki hapakubaki hata mmoja.

Aliyetoboa mambo ni mwalimu, na alitoboa kwa kumsifu. Kuku wake nao walikuwa wamekwisha. Akaja kumpa pole dada yake Tochi. Nilikuwa pale, nimempelekea dada huyo kigoda alichotengenezewa kwa seremala.

"Mdogo wako ana macho, mama," alisema. "Aliniambia palepale, kuku huyu anaumwa, nikambishia. Siku ya Jumanne, saa tatu. Angekuwa mwingine angeyachukua mayai. Yeye akaondoka na kikapu kitupu."

"Jumanne?"

"Jumanne ile ya mvua ndogo."

Dada mtu alimshukuru mwalimu, akamsindikiza kwa macho mpaka langoni. Kisha akaniambia, "Wewe unayeishi jirani naye, usimwambie lolote. Nataka aje mwenyewe."

Hakuja. Alituma unga, alituma dawa ya mguu, alituma salamu kwamba kazi zimembana. Nyuma ya pazia alikuwa akigeuza mayai thelathini, msalaba, duara, msalaba. Yale mayai yalitagwa kabla ugonjwa haujawapata kuku, na siku ya saba ishirini na sita yalikuwa yameshika uzi. Siku ya ishirini na moja walitoka ishirini na wawili, weusi kama masizi, wazima. Mke wa dereva alipoambiwa hao ndio waliobaki duniani katika ukoo ule, alisema, "Wachukue, dada. Mpelekee mwenyewe. Mimi nitasubiri."

Tochi aliwatia ndani ya boksi la viatu lililotobolewa, akalifunika kitambaa kipya alichokipinda kingo, akaniomba nimsindikize. Njiani alikuwa akizungumza nao.

Dada yake alikuwa ndani ya lango, lango limefungwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetoka wapi leo?"

"Nyumbani. Moja kwa moja."

"Na Jumanne ile?"

Tochi aliweka boksi chini, akaliokota tena.

"Nilimwambia yule bwana hakuna aliyeingia," alisema dada mtu. "Nikamwambia ni sisi tu. Ulikuwa umesimama pale, ukaniacha niseme."

"Sikuwa na uhakika, dada."

"Ulikuwa nao. Mimi nimekulea. Nakujua ukikabwa na neno."

"Nisamehe. Nimekuletea mbegu. Ni wao, wale wale." Alifunua kitambaa. Vifaranga wakainua sauti.

Dada mtu aliinuka kwa taabu, akaja mpaka langoni, akatazama ndani ya boksi kwa muda mrefu. Niliona kidole chake kikipita katikati ya mbao, kisha kikarudi.

"Unataka niwaingize humu?"

"Ni wako."

"Banda hili lina ugonjwa mpaka ardhini. Bwana chanjo kasema lisiguswe miezi mitatu. Umekuja kuwaua mara ya pili?"

Watu wangapi Tochi aliwaambia maneno hayo hayo, tena kwa ukali, na kidole hewani? Siku hiyo yalikuwa yamemtoka yote. Alifunika boksi.

"Wapeleke kwa mwenyewe," alisema dada yake. "Na usiwashikeshike."

Vifaranga walikulia kwa mke wa dereva. Leo ukiuliza mtaani mayai ya kutotolesha ya uhakika yako wapi, utatumwa kwake, na langoni pake utakuta beseni na ndala. Miezi mitatu ya banda ilipopita, na vifaranga wale walipokua wakaanza kutaga, dada mtu alikwenda huko na mguu wake, na ndala zake mwenyewe ndani ya mfuko, akaomba mayai kumi na mawili kama mteja mwingine yeyote. Hakuyapeleka kwenye kabati la Tochi. Aliazima kwa jirani mtetea aliyekuwa anaatamia, akamlalisha jikoni.

Tochi bado anashona, bado anapima mayai ya watu, lakini haingii kwenye banda la mtu. Husimama barabarani akaomba aletewe kuku mikononi, amtazame kwa mbali. Wengine humcheka: "Tochi imeisha betri." Yeye huandika kidogo, hufuta kidogo. Wakikutana bombani na dada yake humwamkia, na dada huitikia marahaba, kwa kuwa marahaba hainyimwi mtu, kisha hubeba ndoo yake iliyojaa nusu na kuondoka.

Wiki niliyohama, mke wa dereva alipita dukani na kifurushi cha gazeti.

"Dada yako kaniambia nikupe. Kasema hazina kazi tena pale."

Tochi alikifungua juu ya cherehani. Zilikuwa ndala za bluu, ndogo. Alizigeuza. Miaka kumi na mmoja, na mistari ya soli ilikuwa bado imesimama, mipya, kama zilivyotoka dukani.