Salamu za Nyumba ya Pili

Mume wangu hakuwa mtu wa salamu. Miaka yote aliyofanya kazi mgodini alipita barabara yetu ya Kapata kama mtu anayekimbia mvua. Basi alipoanza kusimama mbele ya nyumba za watu, akiuliza habari za watoto, za mihogo, za kuku, nilimcheka. "Weye tata, unatafuta kura za batu?" Nilitangulia kanisani nikimrushia maneno, maana mdomo wangu hauna breki.

Pumzi ilipoanza kumkatika, alisema ni vumbi la mgodi. Kwetu kila mzee aliyechimba ana vumbi kifuani, na dawa yake tunaijua wote: maziwa, eti yanaliosha. Kila asubuhi nilimsimamia mpaka amalize kikombe.

Siku miguu ilipovimba, viatu vikakataa kuingia, nikamburuta hospitali. Munganga, daktari mwanamke wa sauti ya chini, hakuuliza habari za vumbi.

"Tata, unatembeaka nyumba ngapi ndipo usimame?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Mbili."

"Na hapa kifuani?"

"Panabana. Nikisimama, panaachilia."

Mama eh! Mwaka mzima alikuwa akisalimia watu ili nisijue kwamba ameshindwa kutembea. Niliona aibu, halafu hofu ikaisukuma aibu kando.

Wakampaka mafuta baridi kifuani, wakapiga picha ya moyo. Ukuta mmoja wa moyo haukucheza kabisa.

"Ilikufa?" nikauliza.

"Pengine iko nalala, mama. Mishipa yake imeziba, damu inafika kidogo. Nyama ya moyo ikikosa damu inaweza kuacha kazi, ili isikufe. Kama iko nalala, tufungue mishipa, itaamuka. Kama ilikufa, kufungua hakutamusaidia sana."

Kesho yake wakamtundikia dripu yenye dawa ya kuuamsha moyo, kidogo kidogo, huku munganga akiutazama ule ukuta kwenye kioo cha picha. Niliogopa, sitadanganya. Nikashika chuma cha kitanda. Mume wangu alikishika kidole changu kimoja tu, kwa mkono wa baridi. Munganga akaongeza dawa. Ukuta kimya. Akaongeza tena. Kimya. Nikaanza kumwahidi Mungu mambo nisiyoyaweza, hata kufunga mdomo.

Kisha pembe moja ya ule ukuta ikatikisika. Ikajikunja kidogo, ikaachia, ikajikunja tena.

"Njo ile, inacheza," munganga akasema. "Iko muzima."

Nililia kwa sauti mpaka muuguzi akafunga mlango.

Mishipa wakaifungua katika hospitali kubwa ng'ambo ya mpaka wa nchi, kwa waya mwembamba uliopita mkononi. Vidonge anameza kila siku, hapo sina mchezo. Baada ya miezi kadhaa picha ikaonyesha ukuta ule unafanya kazi pamoja na wenzake. Siku hizi anapita nyumba zote moja kwa moja, hata jirani alinijia amenuna: "Bwana yako sasa iko na kiburi, ao?"

Lakini Jumapili iliyopita alisimama mbele ya nyumba ya pili. Nilikimbia, kandambili moja ikabaki njiani.

"Ni nini? Kifua?"

"Hapana, mama. Ninamuuliza tu habari ya kuku yake."

Nikamtukana pale pale, mbele ya jirani na kuku wake, huku nimemwekea mkono kifuani, na sikuutoa upesi.