Ndevu za Babu Jaspal

Harufu ya mafuta ya nazi hunirudisha Nechells, mtaa wetu huku ughaibuni, kwenye ukumbi wenye hita moja inayonguruma zaidi kuliko inavyopasha moto. Wenzangu darasani wakiinusa huwaza ufukwe. Mimi huwaza ndevu.

Nilikuwa na miaka saba. Kila Krismasi familia zetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, hukodi ukumbi ule kuwaandalia wazee sherehe. Waislamu nao huja, kwa heshima ya wazee, husema, ingawa nimeona macho yao yanavyoifuata sufuria ya pilau. Wazee huketi mbele na blanketi magotini, na sisi watoto hupita mstari mzima tukiamkia, shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka midomo ikauke. Neno hilo ndilo lilikuwa Kiswahili changu chote cha mdomoni. Masikio yalielewa kila kitu, hasa matusi, lakini nikijibu, nilijibu Kiingereza.

Mwaka ule Santa alikuja na kilemba chekundu badala ya kofia. Nikaona nimewakamata watu wazima kwa uongo. Nikamwambia binamu yangu Neema kwamba yule ni mjomba fulani kajibandika pamba, na nitathibitisha. Zamu yangu ya zawadi ilipofika nilimpanda mapajani, nikashika ndevu, zinanukia mafuta ya nazi, kwa mikono miwili, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Hazikutoka. Kilichotoka ni "Uuuwi, mama yangu!" ya Kiswahili cha Kisumu.

Ukumbi mzima ukatugeukia, hata hita, nadhani. Yule alikuwa Babu Jaspal, Singasinga mzaliwa wa Kisumu aliyeunda magari kiwandani Longbridge mpaka akastaafu. Ndevu zile, kwa imani yake, hakuwahi kuzikata maisha yake yote.

Mama akafika mbio, mwiko mkononi. "Baraka! Umemshika babu yako ndevu? Piga magoti! Jamani Babu, tusamehe, usiondoke."

Maana Babu alikuwa ameshasimama. Mama aliogopa hatakanyaga tena pale. Mimi niliogopa ataondoka na gunia la zawadi.

"Aniombe radhi mwenyewe," Babu alisema. "Kwa Kiswahili. Kizungu nimekichoka nyumbani."

"Babu… mimi… nimevuta mbaya."

Watu wakaangua kicheko. Babu hakucheka. Akaketi, akavuta kiti kando yake.

"Umefungwa. Utakaa hapa tupige soga mpaka sahani yangu iishe. Na meno yangu yamebaki mawili, kijana, kwa hiyo nakula polepole."

Alikula saa nzima. Akaniuliza habari za shule, akanisahihisha kila neno, akanisimulia jinsi yeye na marehemu mkewe walivyogombana jikoni kwa Kiswahili ili wajukuu wasielewe. "Na kweli," alisema, "hawaelewi mpaka leo." Nilicheka sana. Nilidhani huo ni utani.

Tangu hapo akaniita "mfungwa wangu", na kila Krismasi nilitumikia kifungo.

Kiangazi kilichopita nilimkuta bustanini kwao akitafuna mahindi ya kuchoma, kra, kra, kra, meno kamili, yake mwenyewe. Nikafungua mdomo nimtanie, maana nafasi kama hiyo mimi siiachi. Kisha nikakumbuka mdomo ule ulivyozungusha punje za wali kwa saa nzima, usitake zimalizike. Nikaufunga wangu.

Krismasi hii nimeomba kiti kilekile. Na mimi nitakula polepole.